Mbwa wa Shangazi Anapimwa Afya Mara Mbili kwa Mwaka

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaanza na mbwa. Najua wengine mmeshaguna. Mbwa hapa kambini tunamjua sisi: anazunguka usiku nyuma ya mabucha, watoto wanamrushia mawe, na akimuuma mtu tunakimbizana hadi zahanati. Lakini mbwa ninayetaka kuwaeleza ana kadi yake ya kliniki, ana saa zake za kupumzika, na ana kazi. Kazi yake ni kuwa macho ya shangazi yangu.

Shangazi aliondoka hapa mwaka 2014 pamoja na wanawe wawili, wakapelekwa Marekani, jimbo la Michigan. Wengi wa zoni yetu mnamkumbuka, ndiye aliyekuwa akiuza maandazi karibu na bomba la maji. Wakati ule alikuwa anaona, lakini si sawasawa. Alikuwa anagonga bega kwenye mlango, anakanyaga sufuria zilizowekwa pembeni, sisi tunacheka na yeye anacheka. Tulisema ni uzee. Ilikuwa glakoma, ugonjwa ambao wengine wanauita presha ya macho. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Unaharibu mshipa unaopeleka picha kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo, na unaanza kula pembeni, ili mtu anayetazama mbele aendelee kudhani kwamba anaona vizuri. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone au upasuaji vinaweza tu kuzuia kile kilichobaki kisipotee.

Alipofika kule daktari alimwambia kwamba jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto watajaribu kulishikilia. Walijaribu. Mwaka 2017 la kushoto nalo likawa linaona mwanga tu, kama mtu anayetazama dirisha lenye pazia nzito.

Mbwa hajui unakokwenda

Alipotuambia kwa simu kwamba anapewa mbwa, mama yangu alikasirika. Alisema, "Wamemdharau wifi yangu, wamempa mbwa badala ya mtu!" Hata mimi niliona haya kuwaeleza majirani. Lakini shangazi alitulia akatueleza taratibu, na maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu wapo wengine wenye ndugu huko nje ambao watakutana na jambo hili.

Kwanza alipewa fimbo nyeupe, akafundishwa miezi mingi kutembea nayo. Vyuo vinavyotoa mbwa hawa havimpi mtu asiyejua njia zake. Sababu ni kwamba mbwa hajui unakokwenda. Huwezi kumwambia "nipeleke sokoni" halafu ukafuata tu. Njia anaijua mtu: vichochoro vingapi, wapi kukata kushoto, barabara ipi ina magari mengi. Kazi ya mbwa ni kumpitisha salama katika njia hiyo. Anasimama penye ngazi, anasimama ukingo wa barabara, anakwepa nguzo na shimo na tawi lililoinama usawa wa kichwa. Taa za barabarani hazisomi; shangazi anasikiliza mwendo wa magari mwenyewe, kisha anatoa amri ya kwenda. Na hapo ndipo uhodari wa mbwa unapoonekana, maana kama gari linakuja ambalo shangazi hakulisikia, mbwa anakataa amri. Amefundishwa kutii, na amefundishwa pia kukataa.

Mwaka 2019 alikaa wiki 3 bweni katika chuo hicho akifundishwa pamoja na mbwa wake. Ni Labrador mweusi, jike, jina lake Daisy, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 2. Jina alikuja nalo. Tatizo lilikuwa lugha. Daisy alifundishwa kwa Kiingereza, na shangazi Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Akajifunza kwanza maneno ya mbwa: mbele, kushoto, kulia, simama, vizuri sana. Anasema kwa kweli Kiingereza alifundishwa na mbwa, kwa sababu mwalimu wa darasani alikuwa anamchekea hata akikosea, lakini Daisy ukimtamkia vibaya hatoki mahali alipo.

Mbwa kama hawa hawakuanza jana. Chuo cha kwanza kilifunguliwa Ujerumani mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg, kwa ajili ya askari waliopofushwa na vita. Mmarekani mmoja kijana, Morris Frank, alikwenda Uswisi mwaka 1928 akarudi na mbwa wake Buddy, na mwaka uliofuata chuo kikaanzishwa Marekani. Huku Afrika chama cha Afrika Kusini kilianza mwaka 1953, baada ya mama mmoja aliyeitwa Gladys Evans kurudi nyumbani kutoka Uingereza na mbwa wake. Kumfundisha mbwa mmoja kunagharimu makumi ya maelfu ya dola, lakini vyuo vingi vinaishi kwa michango na mtumiaji analipa kidogo sana au halipi kabisa. Shangazi hakulipa.

Kipofu anampimaje mbwa?

Hili ndilo swali nililomuuliza mimi. Nilisema, "Shangazi, wewe huoni. Mbwa akiugua utajuaje?"

Akacheka. "Mwanangu, kwani wewe ulipokuwa na homa ya malaria usiku tulikuwa na taa?"

Anajua kwa mikono. Kila asubuhi kabla ya chai Daisy anasimama mbele yake, naye anampapasa kuanzia pua hadi mkia. Masikio anayafunua na kuyanusa, maana sikio lenye ugonjwa linanuka kabla halijavimba. Midomo anaiinua akapitisha kidole kwenye ufizi. Anashika shingo, anapita kwapani, tumboni, katikati ya vidole vya miguu, anatafuta kupe, uvimbe, mwiba, jeraha. Mbavu anazihesabu. Mbavu zikishikika kirahisi chini ya ngozi bila kuchomoza, uzito ni mzuri. Ikibidi kuzitafuta, basi mbwa amenenepa. Na Labrador kunenepa ni desturi yao. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba Labrador wengi wana kasoro katika chembe moja ya urithi inayowafanya wasishibe, na kwamba kasoro hiyo imezidi kwa wale wanaosaidia walemavu. Inasadikiwa ni kwa sababu mbwa mpenda chakula ndiye anayefundishika kwa urahisi. Kwa hiyo chakula cha Daisy kinapimwa kwa kikombe, asubuhi na jioni, na wageni wamekatazwa kumpa hata kipande cha ugali. Mbwa mnene anachoka, viungo vya nyonga vinamuuma, na akichechemea shangazi naye hatoki nyumbani.

Wasomaji mnisamehe, lakini lazima niseme na la choo. Daisy anapelekwa kujisaidia kwa saa maalum, na shangazi anaokota mwenyewe kwa mfuko wa nailoni aliouvaa mkononi kama glavu. Mimi nilisema hili siliwezi. Yeye anasema hapo ndipo anapopata habari zote. Kama ni kigumu, kama ni laini, kama ni cha maji, mkono unajua kupitia mfuko, na kikiwa cha maji siku mbili anampigia daktari simu. Huyu shangazi alilea watoto sita. Hakuna la choo linalomtisha.

Daktari wa mifugo anamwona Daisy mara mbili kwa mwaka. Anawekwa kwenye mizani, kilo 28, inaandikwa. Anasikilizwa moyo, anatazamwa meno, anakunjwa miguu ya nyuma moja moja kuona kama nyonga zinauma. Macho yake yanaangaliwa kwa uangalifu, maana mbwa naye anaweza kupofuka, na hapo kipofu atakuwa anamfuata kipofu mwenzake. Kila mwezi anapewa dawa ya kuzuia minyoo ya moyo inayoletwa na mbu, pamoja na dawa ya viroboto na kupe. Chupa za dawa shangazi amezifunga mpira: mpira mmoja ni dawa ya mbwa, miwili ni dawa yake mwenyewe ya presha. Alishawahi kuzichanganya? Nilimuuliza, akabadilisha mazungumzo.

Kisha chanjo, na ya kwanza ni ya kichaa cha mbwa. Hapa nisimame kidogo kwa ajili yetu tuliopo huku. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani waliumwa na mbwa, na dalili zikishaanza mtu haponi. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, oshweni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, msipake majivu wala mafuta wala dawa ya kienyeji, kisha nendeni zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Baridi nayo ina mambo yake. Michigan theluji inaanguka, na barabara inamwagiwa chumvi ili isigande. Chumvi hiyo inachoma nyayo za mbwa, kwa hiyo wakirudi nyumbani miguu minne inaoshwa na maji ya uvuguvugu, kisha ndipo shangazi anavua viatu vyake. Wakati wa joto shida inakuwa lami. Anaweka mgongo wa kiganja chini akahesabu hadi saba. Asipovumilia yeye, mbwa naye hapiti.

Siku ya kliniki ya shangazi

Kila baada ya miezi michache shangazi mwenyewe anakwenda hospitali kupimwa presha ya damu na presha ya macho. Mtu atauliza, macho yameshakwenda, yanapimwa nini? Yanapimwa ili yasianze kuuma, na ule mwanga wa pazia usizimike. Wanatoka asubuhi, basi moja halafu kutembea kidogo. Daisy anapovaa mkanda wa kazi wenye mshikio mgumu anageuka mbwa mwingine, hachezi wala hanusi ovyo. Ndani ya hospitali analala chini ya kiti, kichwa juu ya kiatu cha shangazi. Chumba cha upasuaji haingii, lakini vyumba vya daktari anaingia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda watu wenye ulemavu inamruhusu kuingia dukani, kwenye basi, hotelini, hospitali. Mwenye mahali anaweza kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Kuomba cheti haruhusiwi. Ndugu zetu mlioko huko mkisoma jarida hili kwa kutumiwa, likumbukeni hilo, kwa sababu shangazi alishawahi kuteremshwa kwenye teksi naye hakujua aseme nini.

Na sisi wengine mkimwona mbwa wa namna hii siku moja, msimwite, msimshike, msimpe kitu. Zungumzeni na mtu. Mbwa akigeuza kichwa kwa sababu yenu, huyo aliyeshika mkanda ndiye atakayegonga nguzo.

Nyumba za ibada sheria hiyo haizilazimishi. Kanisani kwao wazee walikaa vikao viwili kabla ya kukubali, na sasa Daisy ana mkeka wake nyuma karibu na mlango. Waislamu wengi wana uzito zaidi juu ya mbwa, na shangazi ana jirani Msomali ambaye mwanzoni alikuwa hapandi naye lifti. Hakumgombeza. Wakakubaliana: Daisy akiwa ndani, anakaa upande wa kushoto wa shangazi, jirani anasimama kulia. Nakumbuka kusoma kwamba huko Uingereza, mjini Leicester, mwaka 2008 msikiti mmoja ulimruhusu kijana kipofu kufika na mbwa wake, wakamtengea mbwa mahali pa kungojea pale mlangoni wakati mwenyewe anaswali. Mambo yanazungumzika.

Swali alilonirudishia

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Mwezi wa pili nilikuwa namsimulia shangazi habari za zoni. Nikamtajia bibi mmoja, rafiki yake wa zamani, kwamba naye haoni tena, na mjukuu wake wa kike ndiye anayemshika ncha ya fimbo na kumpeleka kila mahali. Siku ya mgao yuko naye, zahanati yuko naye, kanisani, kuni, chooni usiku. Nilimsifu mtoto yule. Nilisema ana heshima sana.

Shangazi akanyamaza. Halafu akauliza, "Ana miaka mingapi?"

Nikasema 11.

"Anafanya kazi saa ngapi kwa siku?"

Sikuwa na jibu.

"Daisy akivuliwa mkanda amepumzika, hakuna anayemtuma. Akifika miaka tisa au kumi atastaafu, chuo kitanipa mwingine. Anapimwa uzito. Huyo mtoto nani anampima? Shule anakwenda?"

Jamani, niliona aibu. Mtoto yule ameandikishwa darasa la tatu tangu miaka miwili iliyopita na bado yuko hilo hilo la tatu. Wiki ya mgao haendi kabisa. Sisi majirani tunamwona kila siku akipita na bibi yake, tunasema "hongera mwanangu", tunaendelea kufua. Na jambo jingine ambalo shangazi aliuliza likanikosesha usingizi: bibi amepimwa macho lini? Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumemwona kipofu tu, tukakubali.

Basi tulikwenda zahanati watu wanne: bibi, mjukuu, mimi na mama wa nyumba ya tatu. Tulikwenda siku ambayo muuguzi wa macho anakuwepo. Alimulika kwa tochi. Jicho la kulia lina kovu la zamani, hilo hakuna la kufanya. La kushoto ni mtoto wa jicho. Ule weupe wa kwenye mboni, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa na glakoma, kwa sababu huu unaondolewa kwa upasuaji mfupi na mtu anaona. Miaka mitatu yule mtoto ameshika fimbo kwa ajili ya jicho ambalo pengine lingetengenezwa. Muuguzi ameandika jina la bibi kwenye orodha ya kumngoja daktari wa upasuaji anayekuja kwa zamu. Tarehe hatujapewa. Nimekwenda kuuliza mara mbili, na nitakwenda tena.

Mtoto naye alipandishwa mizani siku ile ile. Kilo 24. Muuguzi hakusema kitu, akampeleka dirisha la lishe.

Mimi pia nilikalishwa kwenye kile kiti, maana shangazi alikuwa ameniamuru. Glakoma inatembea katika ukoo. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yuko katika hatari zaidi, na baba yangu ni kaka yake shangazi. Baba hajawahi kupimwa na sasa anasema ana kazi nyingi. Mimi nimeambiwa niko salama kwa leo, nirudi baada ya mwaka mmoja. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa miaka 40 na zaidi anayegonga mabega milangoni, asingoje apate maumivu.

Majirani tumepanga zamu. Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi mtu mzima mmoja anamshika bibi mkono ili mtoto awe darasani. Ninasema ukweli: wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, wiki ya pili Alhamisi mwenye zamu alikwenda shambani akasahau, na mtoto akarudishwa kwenye fimbo. Tumebandika majina kwenye mlango wa bibi. Fimbo nyeupe tumeiombea ofisi ya watu wenye ulemavu, na mzee mmoja wa zoni ya jirani, ambaye hutembea peke yake hadi sokoni kwa fimbo ya mianzi aliyoichonga mwenyewe, amekubali kuja Jumamosi kumwonyesha bibi namna ya kupapasa njia kutoka nyumbani hadi chooni. Ni hatua 31. Bibi amezihesabu.

Shangazi alipiga tena Jumapili iliyopita. Nikamwambia yote, na lile la Alhamisi pia. Akaniuliza mtoto amefikia kilo ngapi, nikasema bado hatujarudi kupima. Daisy naye amefikisha miaka minane, ameanza kupanda ngazi polepole, na daktari amesema wamwangalie hadi mwisho wa mwaka. Nilitaka kumuuliza atamfanya nini akistaafu, atakaa naye au atamrudisha kwa familia iliyomlea utotoni. Lakini nilisikia kwato za mbwa zikigonga sakafu, yaani makucha, na shangazi akasema, "Mwanangu, saa kumi na mbili imefika, huyu hanisamehe." Nikasikia kikombe kikichota chakula, mara moja, mara mbili, na simu ikakatika.